Mfarishi wa Mlinzi wa Usiku: Chagua Vizuri Kitu cha Kujaza Ndani

Ndugu mkulima, wewe unayelima katika mashamba ya skimu huko Kinangop, Ol Kalou, Molo au Mau Narok, huna haja ya kuambiwa baridi ni kitu gani. Wazee waliofika katika skimu za kwanza mwaka 1962 na miaka iliyofuata waliikuta, na wajukuu wao wanaijua. Mashamba mengi ya huko yako zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na kila unapopanda mita 1,000 hewa hupungua joto kwa kadiri ya nyuzi 6. Ndiyo sababu mtu wa Mombasa hujifunika kanga moja usiku ule ule ambao wewe unatafuta blanketi la tatu. Usiku wa Januari usio na mawingu, joto la ardhi hupanda likapotea angani, na asubuhi unaona majani ya viazi yameungua kwa jalidi. Mwezi wa Julai ukungu na manyunyu huingia hata chini ya paa.

Usiku kama huo, mtu mmoja wa nyumbani mwako huenda yuko nje. Viazi vimekomaa, nungu wanachimba na wezi pia wanachimba. Au kondoo wako bomani na mbwa peke yake hatoshi. Basi baba, au kijana mkubwa, hulala kibandani katikati ya shamba. Hulala na blanketi moja na koti. Saa nane ya usiku baridi humshinda, naye hufanya mambo mawili: huacha lindo akarudi nyumbani, au huingiza jiko la makaa kibandani na kufunga mlango.

Jambo hilo la pili huua. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, pengine hutaka kutapika. Lakini aliye usingizini hayajui hayo. Hulala akidhani amepata joto, na asubuhi haamki. Hakuna gunia la viazi wala kondoo mwenye thamani ya kufa namna hiyo.

Dawa ya mambo haya ni kitanda chenye joto lisilotoka kwenye moto. Somo letu la mwezi huu ni kutengeneza mfarishi, yaani vitambaa viwili vilivyojazwa kitu laini katikati na kushonwa pamoja. Kushona si kazi ngumu. Kazi yenyewe ni kuchagua vitu vya kutumia, na hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha zao.

JOTO LATOKA WAPI?

Kwanza tuondoe kosa moja. Watu husema, "Blanketi hili lina joto." Blanketi halina joto lolote. Liweke nje usiku peke yake, asubuhi utalikuta baridi kama jiwe. Mwenye joto ni wewe. Mwili wako unawaka mchana na usiku kwa chakula ulichokula, na kazi ya mfarishi ni kuzuia joto hilo lisikimbie.

Kitu kinachozuia joto vizuri ni hewa iliyotulia. Hewa ikipita huku na huku, kama upepo, hubeba joto na kwenda nalo. Lakini ikikamatwa katika vijishimo vingi vidogo isiweze kutembea, joto hupita kwa shida sana. Tazama kuku asubuhi ya baridi. Amejifutua manyoya mpaka ameonekana mara mbili ya ukubwa wake. Hakuongeza manyoya hata moja. Ameongeza hewa katikati yake.

Kwa hiyo usinunue kitu cha kujaza kwa sababu ni kizito. Nunua kwa sababu kinasimama, kinashika hewa nyingi, na kikigandamizwa kinarudi kama kilivyokuwa. Mablanketi matatu mazito yanaweza kushindwa na mfarishi mmoja mwepesi ulio mnene. Kwa usiku wenye nyuzi 4 au 5 za joto, mfarishi uwe na unene wa kadiri ya sentimita 4, yaani kama vidole viwili vya mkono vikiwekwa pamoja, ukiupima bila kuugandamiza. Jalidi ikiwa kali zaidi, ongeza blanketi juu yake.

Adui mkubwa wa hewa hiyo ni maji. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Kitu cha kujaza kikilowa, vile vijishimo hujaa maji badala ya hewa, na mlinzi ni kama amelala mtoni. Tena kumbuka kwamba maji hayatoki kwenye mvua peke yake. Ukungu huleta unyevu, na mwili wako pia hutoa unyevu usiku kucha, hata kama huoni jasho.

MASWALI MANNE KABLA YA KUNUNUA

Ukishika kitu chochote ambacho unataka kujaza ndani ya mfarishi, jiulize:

1. Je, kinasimama na kushika hewa? Kiweke ndani ya sufuria, kigandamize kwa sahani, kisha ondoa sahani. Kikiinuka, ni kizuri. Kikibaki kimelala, kiache.

2. Je, kikipata unyevu kitakuwaje? Mfarishi wa ndani ya nyumba na mfarishi wa kibandani si kitu kimoja.

3. Je, moto ukikigusa kitafanya nini? Cheche ya sigara au ya moto wa nje inaweza kuruka.

4. Je, mfarishi mzima utanigharimu kiasi gani? Usiulize bei ya kilo moja tu. Uliza unahitaji kilo ngapi, kisha zidisha.

VITU VYENYEWE, KIMOJA KIMOJA

Manyoya ya kondoo. Huitwa pia sufu. Hiki ndicho kitu ambacho wengi wenu mnacho na hamkithamini, kwa sababu bei ya manyoya mara nyingi haimfurahishi mkulima. Kila unywele wa kondoo wa manyoya, kama Corriedale, umejikunja kama chemchemi ndogo. Ndiyo sababu manyoya yakigandamizwa huinuka tena. Tena yanaweza kunyonya unyevu unaokaribia thuluthi moja ya uzito wake kabla mtu hajahisi kwamba yamelowa. Moto ukiyagusa hayalipuki. Huungua polepole na mara nyingi huzimika yenyewe moto ukiondolewa. Ubaya wake ni mitatu: ni mazito kuliko vitu vingine, yanataka kazi ya kuosha, na nondo huyapenda. Kwa kibanda cha ukungu, hakuna cha kuyashinda kwa fedha ile ile.

Nyuzi za poliesta. Hizi ni zile nyuzi nyeupe za kiwandani zinazojazwa ndani ya mito ya kitanda na majaketi ya baridi. Hazinywi maji, hukauka upesi, na hata zikiwa na unyevu hubaki zimesimama. Ni nyepesi. Mkulima asiye na kondoo achague hizi. Si lazima ununue mpya. Tazama katika mitumba utafute mto au jaketi ambalo ndani yake nyuzi bado zinainuka zikigandamizwa. Ukikuta zimekuwa mabonge, mwachie mwenye duka. Ubaya wake mkubwa ni moto: poliesta huyeyuka, na ikiyeyuka hushika ngozi na kuichoma vibaya. Mwenye mfarishi wa poliesta asikae nao karibu na moto.

Pamba. Ikiwa kavu ni nzuri, laini, na haimwashi mtu. Lakini pamba hunywa maji, ikinywa hulala, na ikilala hukauka kwa shida. Kwa mfarishi wa nyumbani, katika chumba kikavu, pamba yafaa. Kwa kibandani, hapana. Ukiwa na godoro kuukuu la pamba usilipasue ukajaze mfarishi wa mlinzi.

Sufi. Hii si sufu. Sufu ni ya kondoo. Sufi hutoka katika maganda ya mti uitwao msufi, unaoota pwani na sehemu nyingine za joto. Ni nyepesi sana, na kila unyuzi una nta kidogo inayozuia maji. Kwa sababu hii zamani ilijazwa ndani ya majaketi ya kuokolea watu baharini. Lakini hushika moto upesi mno, na ikitumika miaka kadhaa huvunjika ikawa vumbi. Kama una ndugu Kilifi au Lamu akuletee bure, itumie kwa mto wa nyumbani. Usitoe fedha ya kuisafirisha mpaka Nyandarua.

Manyoya ya ndege. Yale malaini kabisa ya kifuani mwa bata na bata bukini ndiyo yanayoshika joto kuliko vyote kwa uzito mdogo. Lakini bata mmoja hutoa kidogo tu, na manyoya hayo yakilowa hushikana kama uji. Manyoya ya kuku ni jambo jingine. Mengi yana mti mgumu unaotoboa kitambaa, nayo hulala bapa. Yasipooshwa vizuri hunuka. Usipoteze siku zako kwa manyoya ya kuku.

Majani makavu, mabua ya ngano na maganda ya mahindi. Hivi si vya juu. Ni vizito, hupiga kelele na huvunjika. Lakini usivitupe, tutavihitaji chini, kama utakavyoona mbele.

Matambara. Nguo kuukuu zilizopangwa tabaka kwa tabaka zina msaada, lakini hewa yake ni kidogo na uzito wake ni mwingi. Ukiwa nazo za sufu, kama sweta zilizotoboka, ni afadhali kuliko za pamba.

JARIBU MWENYEWE

Usikubali maneno haya kwa sababu yameandikwa gazetini. Fanya jaribio hili jioni moja pamoja na watoto, au katika mkutano wa kikundi cha akina mama.

Chukua mikebe miwili iliyo sawa, yenye vifuniko. Pima gramu 100 za manyoya ya kondoo yaliyooshwa, na gramu 100 za pamba. Shona vifuko viwili vya kitambaa cha namna moja, vyenye nafasi ya mkebe na ujazo wake. Jaza mikebe maji ya moto kwa kiasi kilicho sawa, ifunike vizuri, uitie kila mmoja katikati ya ujazo wake. Iweke nje juu ya ubao kwa saa moja. Kisha ifungue, shika mikebe kwa uangalifu, uone ni upi wenye joto zaidi.

Sasa rudia jaribio, lakini kabla ya kuanza nyunyizia kila ujazo nusu kikombe cha maji na kuuchanganya kwa mkono. Hapa ndipo utakapoona tofauti, na baada ya hapo hakuna mwenye duka atakayeweza kukudanganya.

KITAMBAA CHA NJE

Kitambaa kina kazi tatu: kuzuia upepo, kushika ujazo usitoke, na kuachia unyevu wa mwili upite. Wakulima wengi hukumbuka mbili za kwanza na kusahau ya tatu.

Chagua kitambaa chepesi kilichofumwa kwa karibu. Kiweke mdomoni upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita kwa urahisi, upepo pia utapita na manyoya yatachomoza. Pumzi ikipita kwa shida, kitambaa ni kizuri. Shuka za pamba za mitumba ambazo hazijachakaa ni nzuri sana kwa kazi hii, maana zimefumwa kwa karibu na zimekwisha kulainika. Marekani mpya yafaa pia, lakini ifue kwanza ili irudi kabla hujaikata. Khaki ni imara, ila ni nzito. Itumie upande wa juu tu kama mlinzi ni mtu wa kuburura kitanda chake kila mahali.

Usitumie karatasi ya plastiki wala gunia la nailoni lililofunga kabisa. Mtu huona limezuia mvua akafurahi. Asubuhi hukuta maji ndani, akadhani paa linavuja, kumbe ni unyevu wa mwili wake mwenyewe uliokosa njia ya kutoka. Mvua izuiwe na paa la kibanda, si na mfarishi.

KUTAYARISHA MANYOYA YA KONDOO

Onyo la kwanza. Usitumie kamwe manyoya ya kondoo aliyekufa kwa ugonjwa, au aliyekufa ghafla bila kujulikana sababu. Kimeta hukaa ndani ya manyoya muda mrefu na huweza kumwua mtu anayeyashika au kuvuta vumbi lake. Mzoga kama huo usiufungue; mwite Bwana Mifugo. Vilevile usitumie manyoya ya kondoo aliyetoka joshoni karibuni, kwa maana dawa bado imo.

Kondoo mmoja mwenye afya anaweza kutoa kilo 2 au 3 za manyoya machafu. Ukiondoa uchafu na mafuta, huenda ukabaki na nusu tu. Mfarishi wa mtu mmoja, urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 na nusu, una eneo la mita 3 za mraba. Kila mita ya mraba inataka kadiri ya gramu 500 za manyoya safi. Jumla ni kilo 1 na nusu. Basi manyoya ya kondoo wawili yanatosha, pengine na ya akiba. Kwa poliesta, gramu 300 kwa kila mita ya mraba zatosha, yaani gramu 900 kwa mfarishi mzima.

Fanya hivi:

1. Tandaza manyoya chini, uondoe yale ya tumboni, ya mkiani na yote yenye kinyesi. Hayo yapeleke kwenye mbolea.

2. Loweka yaliyobaki katika maji baridi usiku mmoja. Maji ya mvua ni bora. Asubuhi mwaga maji hayo machafu.

3. Tia manyoya katika maji ya moto yenye sabuni, moto ambao mkono unaweza kuvumilia. Yakandamize polepole. Usiyasugue na usiyazungushe, kwa sababu manyoya yakisuguliwa katika maji ya moto hushikana yakawa kama zulia, na hayatainuka tena. Rudia mara ya pili kwa maji safi yenye sabuni.

4. Suuza kwa maji yenye joto sawa na yale ya kwanza. Usiyatoe katika maji ya moto ukayatupa katika maji baridi. Hayo nayo huyafanya yashikane.

5. Yakamue bila kuyapinda. Yaanike kivulini penye upepo, juu ya wavu wa waya, mpaka yakauke kabisa. Siku 2 au 3 si nyingi.

6. Yachambue kwa vidole, fundo kwa fundo, mpaka yawe kama wingu. Ukiwa na machanuo ya kuchambulia sufu, kazi itakwenda upesi zaidi. Kazi hii ndiyo inayotia hewa ndani ya mfarishi. Mwenye haraka hapa atalala na baridi.

KUSHONA

Kata vitambaa viwili, kila kimoja urefu wa mita 2 na sentimita 10, na upana wa mita 1 na sentimita 60. Tandaza cha chini juu ya sakafu safi. Panga manyoya tabaka nyembamba, la kwanza likielekea urefu, la pili likielekea upana, hivyo hivyo mpaka yaishe. Tazama kwa mkono usiache mahali penye upungufu. Baridi hupita penye tundu moja kama mwizi anavyopita penye ua uliobomoka. Funika kwa kitambaa cha juu na ushone kingo zote.

Sasa sikiliza vizuri. Mshono uliopita moja kwa moja kutoka juu mpaka chini hubana ujazo, na mahali pale mfarishi huwa mwembamba kama kitambaa. Ukishona mistari mingi kwa cherehani, umefungua njia nyingi za baridi. Kwa manyoya ya kondoo, ambayo hushikana yenyewe, mistari haitakiwi. Funga vifundo tu: pitisha sindano ndefu yenye uzi imara kutoka juu, irudishe karibu na pale ilipoingia, funga bila kukaza. Weka vifundo kila baada ya sentimita 15 mpaka 20. Poliesta iliyotoka ndani ya mito hutembea zaidi, kwa hiyo vifundo viwe karibu zaidi.

Mwisho, kunja upande wa miguu na ushone mfuko wa kadiri ya sentimita 40, ili miguu ikae ndani hata mlinzi akigeuka. Shona kamba mbili ubavuni za kufunga mfarishi kwenye tandiko. Kichwa kivae kofia ya sufu. Mfuko wa kufunika kichwa kizima hautakiwi, kwa sababu pumzi hulowesha ujazo na mlinzi hasikii mbwa akibweka.

USISAHAU CHINI

Mtu hutengeneza mfarishi mzuri, akajifunga nao juu na chini kama sambusa, na bado akaona baridi mgongoni. Kwa nini? Kwa sababu mwili umeugandamiza ule wa chini, hewa yote imetoka, na ardhi inanyonya joto. Mfarishi ni wa juu. Chini panataka kitu kisichokubali kugandamizwa.

Hapa ndipo mabua ya ngano yanapopata kazi. Jaza gunia kwa mabua makavu mpaka liwe na unene wa sentimita 10 au zaidi mtu akilala juu yake. Chini ya gunia weka karatasi ya plastiki. Hapa inafaa, kwa sababu inazuia unyevu wa ardhi. Badilisha mabua yakianza kunuka ukungu. Vipande vya sponji vya godoro kuukuu vyafaa pia, na katoni zilizofunguliwa na kupangwa tabaka tatu au nne si mbaya. Ngozi ya kondoo iliyotengenezwa vizuri, ikiwekwa juu ya gunia hilo, ni starehe ya mfalme. Hata kama kibanda kina kitanda cha fito, tandiko hili linatakiwa, kwa maana upepo hupita chini ya fito.

KUUTUNZA

Kila asubuhi yenye jua, anika mfarishi juu ya ua ili unyevu wa usiku utoke. Usiukunje ukiwa na unyevu. Ushonee foronya kubwa ya kuvua, uifue hiyo mara kwa mara, na mfarishi wenyewe uoshe kwa nadra. Msimu wa ulinzi ukiisha, uanike, upige kwa fimbo, uutie katika mfuko safi uliofungwa vizuri. Usiugandamize chini ya magunia ya mbolea miezi sita, maana ujazo utasahau kuinuka. Utoe juani kila mwezi. Nondo hupenda giza na mahali pasipoguswa.

Mtoto mchanga asilazwe chini ya mfarishi mzito. Unaweza kumfunika uso, naye hana nguvu ya kuuondoa. Mvike nguo za joto badala yake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kuku hujifutua manyoya asubuhi ya baridi?
2. Pamba na manyoya ya kondoo, ni kipi cha kibandani na ni kipi cha chumbani? Kwa sababu gani?
3. Mfarishi wa mtoto wa shule una urefu wa mita 1 na nusu na upana wa mita 1 na sentimita 20. Utahitaji gramu ngapi za manyoya safi?
4. Jirani yako amepata maji ndani ya mfarishi, na paa lake halivuji. Utamwuliza swali gani kwanza?
5. Kwa nini jiko la makaa lisiingizwe mahali pa kulala palipofungwa?

Jibu la swali la tatu ni gramu 900. Mengine yamo katika somo.

Kazi hii ifanyeni sasa, wakati manyoya yanapatikana na kuna jua la kuyaanikia, msingoje Julai. Kikundi cha watu watano kinachogawana kazi ya kuosha, kuchambua na kufunga vifundo kitaendelea upesi zaidi kuliko mtu mmoja. Na usiku ule mlinzi wenu atakapokuwa shambani, na jiko likabaki nje mahali pake, mtalala nyote mkijua kwamba asubuhi atarudi kunywa chai.